Msemaji wa Mwangaza

Klabu ya Mwangaza ya Moroni ilikuwa ikifungwa uwanjani na kushinda redioni. Hivyo ndivyo walivyotaniana mashabiki wake katika soko la Volo Volo, huku wakipanga ndizi na kukata samaki, na utani huo haukuwa mbali na kweli. Timu ilikuwa hoi. Kila Jumapili mashabiki walirudi nyumbani vichwa vimeinama, lakini kila Jumatatu walifungua redio kumsikiliza msemaji wa klabu, Fundi Mouzaoir, na roho zao zikatulia.

Fundi, kama Wakomori wanavyomwita mwalimu, alifundisha historia katika shule moja ya mjini na nyumba yake ilikuwa Mvouni. Mungu alimjalia ulimi wa asali. Timu ikifungwa siku ya mvua, aliisimulia mvua ile mpaka wasikilizaji wakahisi wameloa. Ikifungwa siku ya jua, aliulaumu uwanja, eti mawe yake meusi ya volkano yanachoma nyayo, kana kwamba wapinzani walicheza juu ya zulia. Refa naye hakukosa fungu lake. Mashabiki walijua kuwa wanadanganywa, wakacheka, wakasamehe. Uongo usiomdhuru mtu, tena uliopambwa vizuri, ni vigumu kuukasirikia.

Lakini mwaka ule haukuwa mwaka wa mzaha. Kisiwa cha Ndzuani kilikuwa kimetangaza kujitenga na visiwa vingine vya Komoro. Wanajeshi waliopelekwa huko kutoka Moroni walishindwa, na wengine hawakurudi tena. Matanga yalikuwa mitaani. Simu za Mutsamudu, mji mkuu wa Ndzuani, zilikuwa hazishiki, na watu wa Ndzuani waliokaa Moroni miaka na miaka, wauza vitunguu, washona nguo, wapishi, walianza kuzungumza kwa sauti ndogo ili lafudhi yao isisikike.

Saïndou, kipa wa Mwangaza, alikuwa mmoja wao. Alizaliwa Patsy, kijiji kilicho juu ya mji wa Mutsamudu, akaja Moroni kucheza mpira, akaoa. Na kwa kuwa katika visiwa hivyo mume ndiye anayehamia kwa mke, alikaa katika nyumba ya mkewe, Zahiya, nyumba ambayo Zahiya aliachiwa na mama yake. Alikuwa mpole, mchache wa maneno. Mtaa mzima ulimwita "mkwe wetu."

Ikafika Jumapili ya mechi ya kuamua nani ashuke daraja. Mwangaza walihitaji sare tu, na mpaka karibu na mwisho walikuwa nayo. Mvua ilikuwa imenyesha tangu mapumziko. Ukapigwa mpira mwepesi, wa kumpa mtoto auchezee. Saïndou akaudaka, ukamponyoka, ukapita katikati ya miguu yake, ukaingia wavuni. Filimbi ya mwisho ilipolia alitembea mpaka mbele ya mashabiki, akaweka mkono kifuani.

"Nimekosa," alisema. "Nisameheni."

Wengine walimtukana, wengine wakamwambia ajikaze, maana kuteleza si kuanguka. Mambo yangeishia hapo.

Asubuhi yake mwenyekiti wa klabu, Abdoulhamid, mfanyabiashara wa vitambaa, alimvamia Mouzaoir huku jasho likimtoka.

"Fundi, watu wanataka kuvunja ofisi. Wanasema mimi ndiye niliyeiua timu. Tafuta neno!"

"Neno gani, mwenyekiti? Mvua nimeshaitumia mpaka imekauka. Nikiitaja leo watanizomea."

"Basi tafuta jingine. Wewe si ndiye msemaji?"

Njia nzima ya kwenda redioni Mouzaoir alitafuta neno. Alijaribu kisingizio hiki na kile, vyote vilikuwa vimechakaa. Aliogopa, tusimfiche: aliogopa kwamba leo kwa mara ya kwanza ataonekana hana la kusema. Kwa mtu aliyesifiwa kwa ulimi wake, hofu hiyo ni mbaya kuliko njaa.

Mtangazaji, Loutfia, hakumzungusha. "Fundi, mashabiki wanauliza, bao lile liliingiaje?"

Mouzaoir alifungua kinywa akitumaini kwamba neno litakuja lenyewe, kama lilivyozoea kuja. Likaja.

"Dada yangu, mwenyekiti ametimiza wajibu wake, na mwalimu wa timu ametimiza wake. Lakini tuambizane ukweli. Katika siku hizi za msiba, kipa mzaliwa wa Ndzuani akiachia mpira kama ule, nani atawazuia watu wasijiulize maswali?"

Loutfia alimkodolea macho, akafunga kipindi haraka haraka.

"Ile sentensi ya mwisho," alinong'ona Mouzaoir, "iondoe, tafadhali."

"Niiondoe wapi, Fundi? Tulikuwa tunakwenda hewani moja kwa moja. Saa hizi iko Volo Volo, inanunua samaki."

Alitoka akijiambia kwamba ameuliza tu, na kuuliza si kushtaki. Hata yeye mwenyewe hakusadiki.

Kabla ya alasiri vijana walikuwa wamejaa mbele ya nyumba ya Zahiya. Wengine walikuwa na ndugu waliokufa Ndzuani, na machozi yao yalikuwa ya kweli. Jana walikuwa wamefiwa bila kumjua adui. Leo wameonyeshwa mlango wake. Zahiya alisimama kizingitini, shiromani, nguo yake ya kujitanda, ameifunga kiunoni.

"Nyumba hii ni yangu," alisema. "Mama yangu aliniachia. Anayetaka kumtoa mume wangu anitoe mimi kwanza!"

Hakuna aliyethubutu kumgusa. Kumvamia mwanamke nyumbani mwake ni aibu isiyofutika Moroni. Lakini mawe hayaoni aibu. La kwanza lilitua juu ya bati, la pili likavunja dirisha, na ndani Saïndou akasikia mkewe akipiga ukelele. Jiwe la tatu lilikuwa limempasua Zahiya paji la uso.

Mjomba wake Zahiya, Mzee Mourad, ndiye aliyewatuliza vijana. Kisha akaingia ndani, akakaa karibu na Saïndou, akashindwa kumtazama usoni.

"Mkwe wangu, sikufukuzi. Lakini ukibaki, watarudi, na watakayemuua si wewe, ni yeye."

Zahiya alikataa, akalia, akamshika mumewe nguo. Saïndou alimfuta damu, hakuthubutu kumchukua kwenye kisiwa cha vita, akafunga mfuko wake. Alfajiri iliyofuata alipanda mashua ya injini pamoja na Wandzuani wengine waliokimbia mji, akarudi kwenye kisiwa alichokiacha akiwa kijana.

Mouzaoir alipopata habari alikimbia redioni. Safari hii alisema kweli tupu: Saïndou ni mwaminifu, mpira ulikuwa umelowa, kosa ni lake yeye msemaji. Soko zima likaangua kicheko.

"Msikilizeni Fundi! Leo amerudi kwenye mvua!"

Alikwenda baada ya sala ya Ijumaa mbele ya wazee wa mji, kama mila inavyotaka, akavua kofia, akaomba radhi. Wazee wakapokea. Ila wazee hawakuwa ndio waliorusha mawe, na waliorusha walisema kwamba Fundi ametumwa na klabu kutengeneza maneno, kwani kazi yake si ndiyo hiyo? Kila alivyozidi kueleza, ndivyo walivyozidi kusadiki ile sentensi ya kwanza. Akaacha usemaji. Usingizi ulimpaa, akakonda.

Miezi ikapita. Njia ya bahari ilipofunguka kidogo, alipata nafasi katika meli ya mizigo, akateremka Mutsamudu. Bandarini alikusudia kutosema sana. Alimwomba mpakuzi mmoja wa mizigo, Ridjali, amwonyeshe gari la Patsy, na yule mtu akageuka taratibu.

"Sauti hii naijua," alisema Ridjali. "Wewe ndiye wa redio ya Moroni."

Wapakuzi wengine wakaacha kazi, wakamzunguka. Mouzaoir aliweka mfuko wake chini.

"Ndiye mimi," alisema. "Nakwenda kwa Saïndou kumwomba radhi."

Ridjali alimpima kwa macho, kisha akawaambia wenzake wampishe. "Nitampeleka mwenyewe. Saïndou ndiye ataamua."

Huko Patsy walimkuta Saïndou barazani kwa mama yake, na mbele yake kijana wa redio ya Mutsamudu ameshika kinasa sauti.

"Sema tu kwamba Moroni walikufukuza," kijana alibembeleza. "Neno moja linatosha."

"Nilifungwa bao," alijibu Saïndou. "Mpira ulikuwa umelowa."

"Hilo si la kutangaza!"

"Basi usilitangaze. Kisiwa hiki kina watu wa Moroni waliooa humu. Nikisema neno lako, kesho watavunjiwa madirisha."

Kijana akaondoka amenuna. Ndipo Saïndou akamwona mgeni wake. Mouzaoir alipiga magoti, na ulimi ule wa asali ukapata maneno matatu tu.

"Nisamehe, ndugu yangu."

Saïndou alimwinua. "Nimekusamehe. Niambie, Zahiya hajambo? Amekupa salamu gani?"

Mouzaoir alikuwa amekwenda kwa Zahiya kabla ya kusafiri, akasimama mlangoni kuomba ujumbe wa kuuchukua. Angeweza sasa kutunga salamu tamu, na Saïndou angefurahi. Machozi yakamlengalenga.

"Hajambo. Kovu limebaki kwenye paji la uso. Salamu hakunipa. Alisema hataweka tena neno lake lolote kinywani mwangu."

Saïndou aliinamisha kichwa, na mama yake akaja kumshika bega.

Msimu uliofuata Mwangaza ilipanda daraja, na bao la Saïndou likasahaulika kama yanavyosahaulika mabao yote. Golini alisimama kipa mwingine. Saïndou hakurudi, na Zahiya akabaki peke yake katika nyumba ya mama yake, kwa sababu ya sentensi moja ambayo Moroni haikuisahau. Ama kweli, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.