Kitambaa cha Kuku wa Siwatu

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa wapi?

Pakawa uani, penye pumba na maji.

Basi sogeeni.

Hapo kale, babu wa babu zetu hawajaota ndevu, palikuwa na kijiji. Katika kijiji palikuwa na nyumba, nyumba ina ua, na katika ua ule asubuhi moja walikuwapo hawa. Alikuwapo Bi Mwanahija binti Kombo, mwenye nyumba, na kisu mkononi. Alikuwapo mwanawe, Mwinshehe. Alikuwapo Siwatu, mke wa Mwinshehe, aliyeolewa mwezi ule ule. Alikuwapo jirani yao, Bi Sikudhani binti Pazi, mzee kuliko wote. Sikudhani, wala si Sikujua. Hayo ni majina mawili. Walikuwapo kuku tisa wa Bi Mwanahija, mkubwa wao jike jeusi lenye kishungi. Na nyuma ya mtungi alikuwapo kuku wa kumi, wa kijivu, amejikunyata, mguu unamtoka damu.

Huyo wa kumi alikuwa wa Siwatu.

Desturi ya kijiji kile, bibi harusi alikwenda kwa mumewe na kuku aliyepewa na mama yake. Kuku akitotoa, watu walisema nyumba imemkubali. Kuku akifa au akichinjwa kabla ya kutotoa, bibi harusi alirudi kwao kutafuta mwingine, na wengi waliorudi hawakuonekana tena kwa waume zao.

Kuku wa Siwatu alidonolewa tangu siku ya pili. Akienda kwenye pumba, ndo, ndo, ndo. Akienda kwenye maji, ndo, ndo, ndo. Siwatu alimpaka manjano, akadonolewa na manjano yake. Bi Mwanahija aliwafukuza wale tisa kwa ufagio, na ufagio ukipumzika, ndo, ndo, ndo. Mwisho Bi Mwanahija akasema ni afadhali kumchinja kuliko kumwokota mzoga. Hakusema kwa chuki. Lakini ndani, Siwatu alikuwa amekwisha kukunja nguo zake.

Bi Sikudhani aliomba kisu kiwekwe mpaka adhuhuri. Akavuta mbuzi ya kukunia nazi, akaikalia, akatazama. Jua likapanda, yeye anatazama. Kivuli kikafupika, yeye anatazama.

Mwinshehe akamtania. "Bibi, dawa hii ya kutazama huteremshwa kwa kinywaji gani?"

"Kwa kunyamaza, mume wangu."

Watu wakacheka, hata Bi Mwanahija. Kisha Bi Sikudhani akamgeukia Siwatu.

"Mjukuu wangu, wanadonoa nini?"

"Wanamdonoa kuku wangu, bibi."

"Sikuuliza wanamdonoa nani. Nimeuliza wanadonoa nini."

Siwatu akachuchumaa, akatazama naye. Kuku wa kijivu akatoka kunywa maji. Jike jeusi likamjia. Ndo, ndo, ndo. Halikudonoa kichwa. Halikudonoa bawa. Lilidonoa mguu, pale palipofungwa kitambaa chekundu.

Kitambaa kile alikifunga Bi Mwanahija mwenyewe, siku ya harusi. Alikichana kwenye kanga yake nzuri kuliko zote, ili mtu asije akachanganya kuku wa bibi harusi na kuku wa kitoweo.

"Nilimfunga kwa heshima," alisema Bi Mwanahija polepole.

"Najua, mwanangu. Lakini kuku haoni heshima, anaona chekundu. Alidonoa kitambaa ikatoka damu, na damu nayo ni nyekundu."

Kisu kilichonolewa kwa kuchinja kikakata kitambaa. Bi Sikudhani akakwangua masizi chini ya chungu, akayachanganya na mafuta ya nyonyo, akapaka jeraha mpaka wekundu usionekane. Siwatu alitaka kumficha kuku jikoni. Bi Sikudhani akakataa, akasema ukimficha, siku akitoka atakuwa mgeni tena. Akamfunika kwa tenga katikati ya ua, wale tisa wamwone wasimfikie, na humo humo akamwekea pumba na maji.

Siku ya saba jeraha likakauka. Bi Sikudhani akafunua tenga, akamtoa kuku wa kijivu, akalifunika humo jike jeusi.

Bi Mwanahija akauliza kuku wake amekosa nini.

"Hajakosa. Amezoea tu kuwa wa kwanza. Siku mbili humo, akitoka atakuwa mgeni kidogo."

Mwinshehe akamwangalia mama yake, akaangalia tenga. Mama yake akamwambia asithubutu kusema. Hakusema, ila alicheka mpaka akakaa chini.

Jike jeusi lilipotoka, lilikwenda kwenye pumba na kuku wa kijivu yupo pale. Likasimama. Likala pembeni. Ukasikika mlio wa midomo kwenye pumba, tu, tu, tu.

Kuku wa Siwatu alitaga mayai kumi na mawili, akatotoa kumi na moja. Siwatu akakunjua nguo zake. Bi Mwanahija akakishona kile kitambaa mahali pake kwenye kanga, akamvika Siwatu.

Nanyi mnaosikiliza, anayedonolewa msimpake dawa kabla ya kutazama mmemfunga nini mguuni.

Ngano yangu nimeirudisha tengani, anayeitaka aifunue.

Bi Sikudhani binti Pazi alifariki mwaka uliofuata, siku ya Jumatano, akazikwa alasiri.