Kila Punda na Kila Mwenye Punda

Palikuwa na Sultani akiitwa Makange, mtawala wa mji wa Pwanga, mtu wa kilemba kikubwa na subira ndogo. Akitaka embe moja, husema, "Leteni maembe yote ya mji, nitachagua." Yakija, anakula moja, mengine yanaozea uani, na watumishi wanachapwa kwa kuchelewa. Kwake yeye amri haikuwa na kosa kamwe. Wavivu walikuwa watu.

Sasa, mwaka aliojijengea ikulu mpya, alikamata punda wa raia wote wamsombee mawe. Ujenzi ulipokwisha, punda wakafungiwa katika zizi moja kubwa wangoje kurudishwa. Asubuhi ya kurudishwa, punda wa Sultani mwenyewe, yule mweupe wa kupandia, akakata kamba akaenda kujichanganya humo na wenzake. Nani angemlaumu? Huko angalau alipata wa kuzungumza naye.

Sultani akafoka. Waziri wake, Shekuwe, akatoka kupiga mbiu:

"Waje wenye punda wote! Kila mmoja asimame mbele ya kila punda, amwapie Kadhi kama ni wake au si wake. Mkiwamaliza wote, ndipo mtazame nani mweupe. Katika weupe, tazameni mwenye tundu sikioni, alama ya ikulu. Huyo ndiye wa Maulana. Asipopatikana kabla ya alasiri, Feruzi mchunga punda atachapwa mpaka asahau alikozaliwa!"

Feruzi alikuwa tayari amefungwa kwenye nguzo. Na katika foleni ya wenye punda alikuwamo dada yake, muuza maji, mjane mwenye ulimi ambao hata wauza samaki waliuogopa. Tangu punda wake akamatwe, maji aliyabeba kichwani mwenyewe, na shingo ilikuwa ikimuuma mpaka siku ile.

Jua likapanda. Muuza mkaa, wa kwanza katika foleni, alikuwa hajafika hata nusu ya zizi. "Huyu si wangu, wallahi. Na huyu si wangu, wallahi." Kadhi sauti ikamkauka. Mzee mmoja akazirai. Punda wakaanza kupigana mateke. Na kule barazani, kivulini, Sultani alikuwa akinywa kahawa na kuuliza kwa nini watu wa Pwanga ni wazito hivi.

Mjane akamtazama kaka yake. Midomo ilikuwa imempasuka kwa kiu. Hofu aliyokuja nayo ikageuka hasira. Akatoka kwenye foleni, akaenda moja kwa moja barazani.

"Nani wewe?" Waziri akamzuia.

"Sikujua."

"Hukujua jina lako?"

"Nalijua. Ni Sikujua."

"Unanifanyia mzaha?"

"Mzaha ni huo ulioutangaza asubuhi, Waziri. Mimi nimesema jina tu."

Sultani akaweka kikombe chini. "Mwanamke, unataka nini?"

"Kaka yangu afunguliwe, Maulana. Asiyempata punda wako si yeye. Ni swali lako, hilo tunaloulizwa mbele ya kila punda."

"Swali langu lina nini?"

"Lina uzito wa punda wote na wenye punda wote, juu ya kichwa cha Kadhi mmoja."

"Swali ni swali! Ulizeni mtakavyo, punda ni yuleyule."

"Punda ni yuleyule, Maulana. Kiboko ndicho kinachofika kabla yake."

Watu wakaguna. Sultani akacheka kwa kiburi. "Haya, uliza wewe. Nimemiminiwa kikombe kingine. Kahawa ikipoa hujampata, utafungwa nguzo moja na kaka yako. Ukimpata, mchukue kaka yako."

Bi Sikujua akageukia uwanja. "Wenye punda, kaeni kitako! Hakuna kuapa. Enyi askari, punda asiye mweupe, mtoeni zizini."

Vumbi likatimka. Wakabaki weupe wachache, wanatazamana.

"Asiye na tundu sikioni, naye atoke."

Akabaki mmoja, anatafuna kamba.

"Huyu mmoja tu ndiye wa kuuliziwa mwenyewe. Kadhi, pumzika. Mwenyewe yuko barazani, na kahawa yake bado inatoa moshi."

Uwanja ukalipuka kwa vifijo. Sultani akawa mwekundu mpaka shingoni. Waziri Shekuwe, aliyeogopa kuonekana mjinga kuliko alivyoogopa kuwa mjinga, akaruka mbele:

"Hila! Ameibadili amri! Neno la Sultani halipinduliwi. Maulana alisema kila mwenye punda asimame mbele ya kila punda. Halijafanyika, basi Feruzi hafunguliwi!"

"Naam," akasema Sultani, akiishika kamba hiyo upesi. "Neno langu litimizwe kama lilivyo."

Bi Sikujua akainama kwa adabu. "Litimizwe. Warudisheni punda wote zizini. Maulana, karibu juani."

"Nani?"

"Wewe. Yule mweupe ni wa nani?"

"Wangu."

"Basi u mwenye punda. Utasimama mbele ya kila mmoja na kumwapia Kadhi, 'Huyu si wangu.' Muuza mkaa atakusogezea nafasi. Ila kilemba usikivue, Maulana, tusije tukashindwa kukutambua humo."

Mtu akaangua kicheko nyuma kabisa, na Kadhi akajifanya anakohoa.

Sultani akalitazama zizi. Akalitazama jua. Akamtazama Waziri wake kwa jicho ambalo Waziri hakulipenda hata kidogo.

"Amri imefutwa," akanguruma. "Mfungueni Feruzi. Kila mtu amchukue punda wake aende zake."

Bi Sikujua alikwisha kumshika kaka yake mkono pale Sultani alipomwita tena, kwa uchungu:

"We mwanamke! Kama una akili hiyo yote, ulikuwa wapi tangu asubuhi?"

"Kwenye foleni yako, Maulana. Uliita punda wote na wenye punda wote. Wenye akili hukuwaita."