Sahani ya Chaza

Waliokuwapo ni hawa. Dakta Tausi binti Sudi, mtafiti wa viumbe wa baharini. Bi Mize binti Vuai, mkubwa wa wanawake wanaookota chaza katika Ghuba ya Mtondooni. Ussi bin Mcha, fundi wa mashua. Na Shaame bin Ngwali, mume wa Kazija, bintiye Bi Mize. Wapo waliomwita Shaame Ngao, lakini jina alilopewa na baba yake ni hilo nililolitaja kwanza.

Walikutana katika banda la kupasulia chaza. Dakta Tausi alikuwa ameyachunguza maji ya ghuba ile kwa miaka mingi. Aliweka tone la maji hayo kwenye hadubini, akawaambia watazame mmoja mmoja. Ussi alitazama, akacheka. "Loo! Kumbe humu mna watu kuliko sokoni!"

Dakta Tausi akawaeleza kwamba wengi wa viumbe wale wadogo ni wema. Chakula cha samaki huanzia kwao, na sehemu kubwa ya hewa tunayovuta hutoka kwao. Lakini jamii moja miongoni mwao hutoa sumu. Msimu ule ilikuwa imezidi, na maji yalikwisha kuanza kuwa mekundu. Chaza huyachuja maji, sumu ikabaki mwilini mwake. Yeye mwenyewe haimdhuru. Humdhuru anayemla.

"Nitachemsha," alisema Bi Mize. "Tangu nizaliwe, ni kitu gani kilichoshinda moto wangu?"

"Mdudu atakufa, mama. Sumu yake haifi kwa moto. Subirini mpaka nipime tena."

Shaame ndiye aliyetazama kwa muda mrefu kuliko wote. Aliuliza, akajibiwa, akaelewa. Kisha alipita nyumba kwa nyumba akieleza, na alieleza vizuri kuliko Dakta mwenyewe, kwa kuwa alitumia maneno ya nyumbani. Watu wakamwaga chaza wao. Nyumba moja tu hakuipitia, nayo ni ya mama mkwe wake. Alisema Bi Mize alikuwapo bandani na amesikia kwa masikio yake. Hiyo ilikuwa kweli. Sababu ya pili hakuitaja: mkwe hamfundishi mama mkwe jikoni kwake.

Siku hizo Kazija alikuwa kwa mama yake, alikokwenda kujifungua mtoto wa kwanza. Arobaini ilipotimia, siku ya Alhamisi, Shaame alikwenda kuwachukua mke na mtoto, akifuatana na Ussi. Desturi ya pale ni kwamba mume hakabidhiwi mtoto kabla ya kula chakula cha ukweni. Asipokula amewakataa wakwe, na mtoto hutoka katika nyumba ile kwa manung'uniko.

Sinia ikaletwa: wali, na sahani ya chaza wa nazi. Bi Mize alikuwa amewachemsha mara mbili na kuyamwaga maji ya kwanza. Hakuwa na nia mbaya, wala hakuna aliyewahi kusema kwamba alikuwa nayo. Alimpenda mkwe wake, akampikia kile alichojua kukipika kuliko mtu yeyote.

"Mimi leo nimefunga, mama," alisema Ussi.

Njia nzima alikuwa akitafuna muhogo wa kuchoma. Bi Mize, aliyesimama mlangoni, alimtazama. "Saumu yako ina makombo mdomoni, Ussi." Wanawake wakaangua kicheko uani. Ussi akacheka pamoja nao, akajifuta mdomo, na hakunyoosha mkono.

Shaame aliitazama sahani. Ndani ya nyumba ile hakuna aliyejua kama yeye kilichokuwa sahanini. Bi Mize akamwambia kwa upole, "Baba, chakula changu umeanza lini kukiogopa?"

"Sikiogopi, mama," alisema Shaame. Akala. Ilipokwisha sahani akaomba aongezewe, asije akadhaniwa kwamba amekula kwa kulazimishwa.

Alasiri midomo ilimfa ganzi, kisha vidole, kisha miguu. Ussi alikimbia kumwita Dakta Tausi, naye alikuja na gari. Sumu ile haina dawa. Mgonjwa husaidiwa kupumua mpaka imtoke, na mashine ya kumsaidia ilikuwa hospitali ya wilaya, mwendo mrefu kutoka pale.

Ussi, aliyefanya mzaha mbele ya hadubini, alikubali kuchekwa na wanawake wa uani. Shaame aliyeuonya mji mzima hakuweza kustahimili swali moja la mama mkwe wake. Nawauliza ninyi mlioketi hapa: ni nyumba ya nani ambayo mkifika mlangoni pake mnauacha nje ukweli mnaoujua?

Shaame bin Ngwali alifariki njiani, kabla ya magharibi.