Mbwa wa Bi Somoe na Madebe ya Mavuno

Nigonge nisigonge?

— Gonga!

Nikigonga mtakimbia?

— Tumekaa kitako!

Haya, nagonga. Ila mniwie radhi mapema, maana ngano hii naiharibu kila ninapoisimulia. Marehemu bibi yangu akiisimulia, watu walisahau kula. Mimi nikiisimulia, watu wanakumbuka kwamba hawajala. Vumilieni, ndiye mliyenaye.

Hapo kale palikuwa na mjane mmoja, Bi Somoe, na mbwa wake. Mbwa huyo aliitwa Shupavu. Msicheke bado. Jina alipewa angali mchanga, macho hayajafumbuka, na wakati ule hakuna aliyejua.

Kijiji kizima kililima mtama. Na mtama una maadui wawili: juu ndege, chini ngedere. Ndege wanafukuzwa kwa debe. Mtu anapanda dunguni, ule ulingo wa miti katikati ya shamba, anagonga debe tangu alfajiri mpaka jua lichwe. Ngedere hawajali debe. Hao wanafukuzwa na mbwa. Kazi zimegawanywa vizuri kabisa.

Shida ilikuwa Shupavu. Debe likilia ng'wang'wang'wa, Shupavu hayupo. Siku ya kwanza alikutwa uvunguni mwa kitanda. Siku ya pili alikutwa ghalani, nyuma ya magunia. Siku ya tatu alikutwa ndani ya mtungi wa pombe, tena mtungi haukuwa mtupu. Mbwa alitoka anaimba.

Hebu mfikirieni Bi Somoe. Akigonga debe, mbwa anatoroka, ngedere wanakula. Asipogonga, mbwa yupo, ndege wanakula. Akitulia kidogo atafakari, wanakula wote.

Majirani wakachoka, kwa sababu ngedere wakishiba kwake walivuka kwao kutafuta cha kushushia. Wakapeleka maneno kwa Jumbe, mkuu wa kijiji. Jumbe akaamua: yapite magulio matatu, yaani siku tatu za soko, halafu siku ya kuanza kuvuna madebe yote yagongwe pamoja. Shupavu akikimbia, basi, anaondoka kijijini; atapewa Kisoma ampeleke kwao milimani.

Kisoma alikuwa mtani wa Bi Somoe, na mtani ana ruhusa ya kusema lolote na kuchukua chochote, nawe huna haki ya kununa. Siku hiyohiyo alikuja na kamba, akampima mbwa shingoni kama inatosha.

"Mtani," akasema, "huyu si mbwa, ni sungura aliyekosea mlango. Ila usilie. Nitakuletea salamu zake kila mwaka."

Bi Somoe hakucheka. Mwaka uliopita alipougua homa, watu walikuja asubuhi, wakamjulia hali, wakaenda zao. Shupavu alilala mlangoni siku tatu bila kugusa chakula. Mbwa wa namna hiyo humtoi kwa kamba ya mtani.

Akaanza kutafuta dawa. Wa kwanza kumshauri alikuwa Kisoma huyohuyo: mbwa afungwe kwenye mguu wa kitanda, agongewe debe sikioni mpaka azoee. Bi Somoe akafunga, Kisoma akagonga. Mbwa akaenda. Kitanda nacho kikaenda. Walikikuta kimekwama mlangoni kwa Jumbe, na Jumbe yuko ndani anauliza nani kahamia. Jirani wa pili akamwambia amchape kila akikimbia. Akamchapa mara moja, akajuta, maana sasa mbwa aliogopa vitu viwili, debe na fimbo. Jirani wa tatu akamwambia amkemee. Vikawa vitatu: debe, fimbo, na Bi Somoe mwenyewe. Hilo la mwisho ndilo lililomliza.

Jioni ile alikaa jikoni kajiinamia. Akafunua chungu, mfuniko ukagonga ukingo: kwang. Shupavu akatokea, masikio juu, mkia unafagia sakafu. Bi Somoe akaganda na mfuniko mkononi. Akafunika, akafunua. Kwang. Mbwa akasogea. Mnaona wenyewe? Mbwa huyu hakuwa na ugomvi na kelele. Alikuwa na ugomvi na kelele inayokuja mikono mitupu.

Asubuhi akanunua dagaa kibaba kizima. Akaweka debe mbali, mwisho wa ua, akaligusa kwa ukucha: ti. Dagaa. Ti. Dagaa. Shupavu akilaza masikio, Bi Somoe anarudi nyuma, anagusa taratibu zaidi. Hamvuti, hamshiki, hamcheki. Gulio la kwanza likapita, wakatoka kwenye ukucha wakaingia kwenye kijiko. Gulio la pili wakatoka kwenye kijiko wakaingia kwenye mwiko. Chini ya dungu akamtandikia kapu na kanga yake kuukuu, ili siku moyo ukimshinda awe na pa kujificha palipo karibu. Gulio la tatu, mchi wa kinu. Ng'wang'wang'wa, na mbwa amekaa anadondosha mate.

Siku ya mavuno ikafika. Kijiji kizima kiko juu ya madungu. Kisoma yuko kando ya njia na kamba yake, kaipaka mafuta. Jumbe akainua mkono, madebe arobaini yakalia kwa pamoja. Ndege waliokuwa wanakula walisahau walichokuwa wanakula.

Shupavu akatoka mbio. Bi Somoe akafumba macho.

Akafumbua. Mbwa alikuwa anakimbia, ndiyo, lakini anayafuata madebe. Akafika dungu la kwanza, akakaa, akasubiri dagaa. Hakuna. Akaenda la pili. Hakuna. Kufika la tatu akaanza kubweka kudai haki yake. Na ngedere? Ngedere walikuwa kwenye mtama wa Bi Somoe, wanakula kwa nafasi, wanaangalia mchezo.

Watu walicheka mpaka madebe yakanyamaza. Jumbe akasema, kwa huruma, kwamba mbwa hakukimbia, hilo ni kweli, lakini hakulinda vilevile. Kisoma akafungua kitanzi.

Bi Somoe akashuka dunguni na debe lake. Akaingia kwenye mtama mpaka katikati ya ngedere, nao wakamtazama tu, maana mwanamke mwenye debe walishamzoea. Akagonga. Ng'wang'wang'wa.

Jamani. Shupavu akalisikia debe analolijua. Akaja. Akaja anapasua mtama, masikio juu, mdomo wazi, mate yanaruka huku na huku. Sisi tunajua anafuata dagaa. Ngedere hawakuwa wamesimuliwa ngano hii. Waliona mbwa asiyeogopa kitu anawajia na njaa ya siku saba. Walitawanyika kila upande, na mkubwa wao akaparamia kichwani kwa Kisoma akidhani ni kisiki.

"Jumbe," Bi Somoe akasema, huku mbwa anatafuna, "mbwa wangu halindi shamba moja, analinda yote. Atakayeona ngedere, ashuke agonge debe palepale walipo. Asiye na dagaa asimsumbue."

Jumbe akakubali. Mwaka ule walivuna mpaka ghala zikakosa mlango wa kufungia, na Kisoma akarudi milimani na kamba yake tupu.

Ngano yangu imefika ukingoni. Tamu yake mgawane, chungu yake niachieni mwenyewe.

Na mimi ni kitukuu wa Kisoma. Watu huniuliza mbona mbwa wangu hatoki uvunguni, au anaogopa radi. Radi ikipiga, analala fofofo. Ngoma ikilia, anatikisa mkia. Kelele anayoiogopa duniani ni moja tu, nayo ndiyo hii mliyokuwa mkiisikiliza tangu mlipokaa.