Kwa Nini Uzi wa Uhai Haumkatai Mgeni

Kabla jani halijaota wala inzi hajapata pa kutua, palikuwa na dimbwi la maji moto chini ya mlima wa volkano, na humo waliishi nyuzi. Mmoja wao alikuwa Bi Ugwe, kikongwe mwembamba mwenye kamba iliyotungwa shanga za aina nne, kila shanga ikijua mwenzake wa kushikana naye. Mpangilio wa shanga hizo ulikuwa na siri moja tu, lakini kubwa: namna ya kujinakili.

Maji yalikuwa yakimtafuna. Mvua ijayo ingemkata vipande, siri ipotee, na dimbwi libaki maji na chumvi mpaka kiama. Kabila lake lilikuwa limekwisha. Wa kumrithi alikuwa mmoja, Msokoto, mgeni mwenye shanga za aina zilezile, ila kamba yake ilisokotwa kwa sukari.

Nyuzi walinakiliana ukingoni, jua likikausha, juu ya kitanda cha Liwali Udongo, mtawala wa ukingo huo. Liwali alikuwa mtu wa kanuni, ingawa nyingine alizitunga asubuhi ileile. Akasema uzi hulala na wa kabila lake. Mgeni asubiri mwenye mamlaka. Alipoulizwa ni nani huyo, akajibu ni yeye, ila kwa sasa ana shughuli.

Wingu likatanda.

"Liwali, mwanangu," Bi Ugwe akasema, "kamba ni ya kubebea tu. Tazama shanga."

Liwali akatafuta kanuni inayokataza kutazama, akaikosa. Alipoinua uso, Msokoto alikwisha kulala kando ya bibi, na shanga zilikuwa zikishikana moja moja. Ni kweli mbili tatu zilikosea mahali kwa haraka ile. Ndizo zilizotuletea masikio ya ukoo fulani ambao sitautaja.

Mvua ikashuka. Bi Ugwe akakatika taratibu, ametulia kama mama aliyekwisha kupakulia watoto.

"Ahsante, bibi," Msokoto akasema. Maji ndiyo yaliyopokea, maana bibi alikuwa humo.

Na tangu siku hiyo, kila chenye uhai kimebeba urithi wa yule kikongwe. Siku hizi wataalamu maabarani hutengeneza nyuzi za kuigiza, za kamba isiyopata kuonekana kwenye kiumbe chochote, wakaziweka kando ya uzi wa uhai, ule wa ukoo wa Msokoto. Uzi huo huzipokea na kushikana nazo, bila kuuliza zimetoka wapi. Wataalamu hushangaa, wakaandika ripoti ndefu. Uzi wenyewe hufanya tu kama afanyavyo mtu aliyewahi kukirimiwa.