Nguva na Ini la Jiwe

Nawaletea ngano.
— Ilete, tumekaa.
Ni nzito kidogo.
— Tutaibeba pamoja.

Hapo kale, katika kijiji cha Mwakirago, palikuwa na katazo lililoitwa kiapo. Kila mwaka mlinzi wake, Bi Mbodze, alikiweka juu ya kitu kimoja tu, na kitu hicho hakikuguswa na mtu. Mwenye kupewa ndiye peke yake aliyeweza kukirudisha kabla ya mwaka kwisha.

Mwaka mmoja wakaja wawili kukiomba. Wa kwanza ni Nguva, mnyama wa baharini anyonyeshaye mtoto wake. Wengine humwita samaki, lakini samaki siye. Wa pili ni mmea mdogo, bapa, usio na ua wala mbegu, ulioota juu ya jiwe la chemchemi, na hapo tu. Jina lake Ini la Jiwe.

Bi Mbodze akawalinganisha. Akauliza nani mzito. Nguva akasema, "Mimi." Akauliza nani ana mtoto. Nguva akasema, "Mimi." Akauliza nani ataliliwa akifa.

"Mimi, bibi. Huyu mwenzangu ni uchafu wa jiwe."

Ini la Jiwe akasema, "Mimi nashika udongo, bibi. Kazi yangu ni hiyo."

Watu wakacheka. Nguva akapewa kiapo.

Wavuvi wakatii, wakapandisha majarife, nyavu zao kubwa. Kule chemchemini watu wakaona jiwe linateleza. Wakalisugua kwa makumbi ya nazi, wapate pa kufulia.

Mvua ikanyesha. Siku ya kwanza udongo wa ukingoni mwa chemchemi ukateremka hadi baharini, bahari ikawa nyekundu. Siku ya pili tope likafunika nyasi za bahari, chakula cha Nguva. Siku ya tatu mtoto wake akanyonya, asipate maziwa.

Nguva akaogelea hadi ndani ya hori, mkono wa bahari uingiao kijijini, akamwita Bi Mbodze. Bibi akamwambia kuwa hakuna aliyemgusa. Nguva akauliza kama Ini la Jiwe amebaki. Akaambiwa amebaki kiasi cha ukucha, na wanaofua watammaliza kesho.

"Basi kiapo kitoe kwangu, bibi. Mpe yeye."

"Unajua majarife yatashuka?"

"Najua."

"Na mtoto je?"

"Nikikaa na kiapo, bibi, mtoto atakula nini?"

Kiapo kikahamia kwenye jiwe, na kila mwaka Bi Mbodze akakiacha hapohapo. Nguva akamwongoza mtoto hadi ghuba ya mbali yenye nyasi chache. Mwaka wa kwanza Ini la Jiwe akatambaa upana wa kidole. Mwaka wa pili, upana wa kiganja. Mwaka wa tatu akalifunika jiwe, udongo ukatulia, nyasi zikaota.

Ndipo nguva mmoja akaingia horini, akala. Alikuwa yule mtoto. Mama yake alinaswa mwaka ule wa kwanza, katika jarife la mvuvi mmoja, Mwachiro, naye Mwachiro hakuvunja desturi yoyote.

Ngano nimeitua.
— Tumeipokea.

Mafunzo yake ni haya: kabla hujamdharau mtu, tazama anashika nini. Na anayetaka kujua nani kati ya wale wawili alikuwa mkubwa, akawapime mwenyewe. Mimi magoti yananiuma.