Vuai na Bahari Isiyo ya Mtu

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na nini?
Palikuwa na bahari!
Ya nani?
Tuambie wewe, mtambaji!

Hapo kale palikuwa na visiwa vitatu. Kila mwaka Mama Nyangumi alivipitia, akitoka maji ya baridi kwenda kuzaa kwenye maji ya vuguvugu. Watu walipoona nyangumi wanapungua, Vuai, mkubwa wa kisiwa cha tatu, akawaapisha wote:

“Atakayemgusa Mama Nyangumi katika maji yetu, bahari imkatae!”

“Imkatae!” wakaitikia.

Lakini nje ya maji yao kulikuwa na bahari kuu isiyo ya mtu.

Mwaka mmoja Vuai alikuwa anamwoza binti yake, Mize. Akataka nyumba iwake taa za mafuta ya nyangumi siku saba, watu waone, watu waseme. Akajisemea, “Kiapo ni cha maji yetu. Kule si kwetu.” Akavuka mpaka peke yake, akatega jarife, ule wavu wa kunasia papa.

Mama Nyangumi akaja. Mwaka ule alikuwa amezaa njiani, mwana yuko ubavuni.

“Hodi, wenye maji!”

Kimya.

“Hodi, wenye maji! Napita na mwanangu.”

Kimya.

“Hodi! Hapana mtu?”

Vuai akajikunyata ndani ya chombo, kiganja mdomoni.

Basi Mama Nyangumi akapita. Jarife likamnasa mtoto. Mama akavuta, akavuta, akavuta, hata likakatika. Lakini mtoto alikuwa amekosa pumzi chini ya maji, amekwisha kufa. Mama akamwinua kwa kichwa chake. Hapo ndipo macho yake yalipokutana na ya Vuai.

Vuai akakimbilia kwao. Mama akaja nyuma, polepole, na maiti kichwani.

Kisiwa cha kwanza wakamuuliza, “Mama, nani kakutenda haya?” Akanyamaza.

Kisiwa cha pili, “Mama, nani?” Akanyamaza.

Kisiwa cha tatu watu wakajaa ufukweni, Vuai katikati yao. Mama Nyangumi akamtazama, akanyamaza.

Mize akalia. “Baba, wewe ndiwe uliyetuapisha. Mlaani aliyefanya haya!”

Vuai akafungua kinywa. Laana haikutoka. Alitamani mama yule amtaje, amtukane, amalize. Akajifunika uso kwa kilemba.

“Mwanangu, ni mimi. Aliniita mara tatu, na mara zote tatu nilimsikia.”

Hakuna aliyempiga. Watu walimpisha tu, kama anavyopishwa mgonjwa. Harusi ikaahirishwa.

Visiwa vitatu vikaapa upya, mara hii kwa bahari yote, yenye mwenyewe na isiyo na mwenyewe. Wakaweka zamu ya kulinda huko mbali. Walipomwomba Vuai awaongoze kuapa, alitikisa kichwa, akasimama nyuma kabisa, akaitikia pamoja na binti yake.

Ngano yangu imetia nanga hapo. Pasipo na mwenyewe, wewe uliyepo ndiye mlinzi. Na kama nimezidisha chumvi, msinilaumu: nimeitoa baharini.

Paukwa!
Pakawa!